Likizo Niliyokataa Kushika Nyundo

Mwalimu wa hesabu akifunga shule hufunga kitabu, akaenda zake. Mwalimu wa useremala hafungi kitu. Siku ya mwisho ya muhula, wenzangu wakipanga mifuko yao, mimi nilikuwa naletewa madawati yaliyovunjika. Yalipangwa nje ya karakana yangu kama wagonjwa nje ya zahanati: hili limekatika mguu, lile limeng'oka mgongo, lingine limechorwa matusi kwa kisu.

"Fundi," mkuu wa shule husema, "haya yawe tayari tukifungua."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Wengine wote aliwaita walimu, hata yule wa dini aliyekuwa akisinzia mbele ya darasa. Mimi nilikuwa fundi, kwa sababu niliacha shule darasa la nne na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Karakana yenyewe, hapo karibu na Bugembe, nje kidogo ya Jinja, niliijenga kwa mikono hii, paa na meza za kazi. Vijana waliopita mkononi mwangu wanaezeka nyumba za watu mpaka leo. Karatasi sikuwa nayo.

Sina aibu na darasa la nne. Useremala nilifundishwa mjini Jinja na mzee mmoja Mwislamu, ambaye akikuambia ubao umepinda, usibishe, umepinda. Kiswahili nacho nilikipata kwake. Watu wengi wa kwetu walikichukia, walisema ni lugha ya askari, lugha ya kusimamishwa njiani na kuulizwa kitambulisho. Mimi sikukipata kwenye mtutu wa bunduki. Nilikipata kwenye randa, na ndicho nilichowafundishia Wasoga, Wateso, Waacholi na Wagisu wenzangu waliosimama kwenye meza zangu. Ndicho ninachoandikia sasa. Asiyekipenda aache kusoma hapa.

Nyumbani kwangu ni Mbale, mtaa wa Malukhu, na huko ndiko likizo ilikuwa mbaya zaidi kuliko madawati.

Miaka ile ya tisini watu walikufa. Sisemi walikufa kama watu wanavyokufa siku zote. Ugonjwa ule wa kukondesha, silimu, uliingia nyumba ukatoka nyumba. Na kwetu mtaani msiba una desturi yake. Wanawake huleta kuni na maji, mwenye shamba huleta ndizi, wenye nguvu huchimba kaburi. Seremala hutengeneza jeneza. Mbao wanaleta wao, mikono analeta yeye, na hakatai. Haulizwi kama amekula. Mara nyingi nilifika nyumbani nikiwa bado na mfuko begani, nikamkuta mtu amekaa kwenye kizingiti changu na kipande cha kamba ya mgomba mkononi. Hicho ndicho kipimo. Marehemu hapimwi kwa futi ya chuma ninayopimia kabati za walio hai. Anapimwa kwa kamba ya mgomba, na kamba inazikwa naye.

Likizo moja, ile ya mwezi wa tano, nililetewa kamba ya kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama mbele yangu akijifunza kufunga kona ya sanduku. Nilifunga kona za jeneza lake zote nne jinsi nilivyomfundisha, nikazika, nikarudi Jinja kufungua muhula. Sikumwambia mtu kitu. Mwanaume wa Kigisu amesimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, atalia kwa sababu ya mbao?

Muhula ule, siku moja kabla ya kufunga shule, nilikuwa nachora mstari kwenye ubao, wanafunzi wamenizunguka. Nilichora mmoja, nikaona miwili. Halafu nikaona saruji ya sakafu karibu sana na pua yangu.

Walinipeleka zahanati. Nesi alikuwa mwanamke mdogo, Msoga, mwenye sauti ya mtu asiyetishwa na wazee.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa mbao."

"Mbao zinakusikia?"

"Kuliko watoto wenu."

Alinifunga ule mkanda mkononi, akapampu, akatazama, akafungua, akapampu tena kama mtu anayedhani mashine inamdanganya. "Mzee," alisema, "presha yako imepanda ule mlima wenu wa Mbale, imefika juu kabisa, sasa inatafuta njia ya kuteremkia Kenya. Likizo hii unapumzika. Unaacha kufundisha, unaacha nyundo, unapunguza chumvi. Kabla shule haijafunguliwa unarudi hapa. Nikikuta hivi hivi, naandika barua kwa mkuu wako. Mtu wa presha hii hasimami kwenye msumeno wa mashine na watoto wa watu."

Barua hiyo nilijua mahali itakaponifikisha. Mkuu alikuwa na mtu wake, mwenye cheti, ambaye tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akija kuitazama karakana yangu mikono nyuma, kama mtu anayetazama shamba la baba yake. Barua ingemfungulia mlango, na mimi ningekuwa mzee wa darasa la nne asiye na kazi.

Kesho yake madawati yalikuwa yamekwisha pangwa.

"Fundi, haya..."

"Sitayagusa, mkuu."

"Unasemaje?"

"Nasema niko likizo."

Alitabasamu. "Likizo ni ya walimu, fundi."

"Ndiyo maana naondoka," nilisema, nikachukua mfuko wangu.

Mke wangu alinipokea Malukhu kwa amri za nesi, maana nilifanya kosa la kumsomea kikaratasi alichoniandikia nesi. Chumvi aliificha. Kitanda alikitandika mchana kweupe. Majirani nao wakaja kila mmoja na dawa yake: huyu anasema tafuna kitunguu saumu, yule anasema funga siku tatu uombe, mwingine anasema pombe ya nafaka ya wimbi hufungua mishipa. Huyo wa mwisho alikuwa jirani yangu wa karibu, askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini, na dawa hiyo aliinywa yeye mwenyewe kwa niaba yangu.

Kupumzika sikujua. Hilo ndilo kosa letu sisi walimu wa mikono, tunadhani mapumziko ni kazi kama kazi nyingine, inahitaji msimamizi. Asubuhi ya kwanza niliwaamsha watu wa nyumbani kwa kugonga sufuria, saa ileile tunayogonga kengele shuleni. Nikakagua mipini ya majembe. Nikawauliza wanangu kwa nini ufagio umesimamishwa kichwa chini.

"Mzee," mke wangu alisema, "sisi hapa hatujajiandikisha. Rudi ulale."

Nililala, nikatazama paa. Ulikuwa mwaka wa tohara, na vijana wenye unga wa wimbi usoni walikuwa wakipita barabarani na ngoma zao na njuga zao, wakienda kuwaalika wajomba. Mapigo yale yaliniingia kichwani kama nyundo. Nililala hivyo siku mbili, na siku ya tatu alikuja mtu, akakaa kwenye kizingiti. Alikuwa na kamba ya mgomba.

Sikukataa. Niliamka, nikaenda. Mke wangu alisimama mlangoni, na macho yake yalinifuata njia nzima.

Niliranda mbao, nikapima, nikaanza kupigilia, na kila msumari ulikuwa ukilia ndani ya sikio langu. Damu ikanitoka puani, ikadondoka kwenye ubao wa watu. Yule askari mstaafu alikuwa amenishikia ubao upande wa pili.

"Mwalimu," alisema, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniita hivyo, "mimi nachunga watu gereza miaka mingi. Sijaona mtu napiga msumari kama vile iko na kesi nayo."

"Shika ubao, afande."

"Nashika. Lakini sasa kwa nini unapima ndani? Si ungepima nje, iishe?"

Nikaacha nyundo nimweleze. Mtu analala ndani, afande, halali nje. Ukipima nje, unene wa mbao mbili za mwisho unakula urefu wake, unamkunja mtu magoti. Nikamwonyesha kwa kamba. Nikamwonyesha tena. Akauliza lingine, nikajibu. Nikampa nyundo apigilie upande wake, akapinda misumari mitatu, akatukana kwa lugha ya kwao, nikacheka. Nilipotulia nikagundua pua imekauka na sikio limenyamaza.

Nilikaa juu ya zile mbao nikafikiri. Nesi alisema niache kufundisha. Nesi amesoma, lakini kichwa ni changu. Muda wote nilipokuwa namfundisha yule afande mkaidi, kichwa kilitulia. Kilichokuwa kinanipasua ni kule kuwa peke yangu na nyundo, mtaa mzima umekaa kwenye mikeka unalia, na mimi ndiye ninayemfungia kila mtu jeneza lake. Kama Malukhu nzima inaweza kuchimba kaburi, kwa nini Malukhu nzima haiwezi kupiga sanduku?

Kesho yake nilifungua shule uani kwangu. Wanaume sita: askari mstaafu, muuza mkaa, ndugu wawili wafyatua matofali, katekista, na mchinjaji mmoja aliyekuwa na mkono mzuri wa msumeno kwa sababu zinazoeleweka. Mke wangu alitazama darasa langu, akaweka beseni chini.

"Umeambiwa upumzike, na wewe umefungua tawi."

"Hii ndiyo dawa."

"Utakufa na dawa mkononi," alisema. Lakini aliwapikia wanafunzi wangu malewa, yale machipukizi ya mianzi yetu, na kwenye malewa chumvi ilionekana tena. Nilipunguza, sikuacha. Sitaki kuzikwa na mdomo usio na ladha.

Ugomvi ulitoka kwa jirani wa pili, bibi mmoja mjane aliyekuwa amemtunza bintiye tangu mwaka ulipoanza. Huyo binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliacha kufundisha akarudi kwa mama, na kila mtu mtaani alijua alirudi kufanya nini, ila hakuna aliyetamka. Bibi alikuja akiegemea mkongojo, akatuona na mbao.

"Mnatengeneza sanduku la nani? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," nilisema.

"Basi mnamwita. Watu hawajifunzi jeneza kabla ya maiti. Huo ni uchuro."

"Mama, kifo hakingoji tukiite. Na hili si jeneza. Hili ni banda la kuku wako."

Nilisema uongo pale pale, nikauheshimu. Wanafunzi wangu walifanyia mazoezi sanduku refu lenye kifuniko, tukalitoboa matundu ya hewa, tukampelekea. Kuku wake waliingia. Bibi hakunishukuru. Alilizunguka mara moja, akasema mlango umewekwa upande wa mvua. Ilikuwa kweli. Nikamtuma katekista akaugeuze.

Wiki mbili hivi baadaye, asubuhi, bibi mwenyewe alikuja kukaa kwenye kizingiti changu. Sikuhitaji kuulizwa. Kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa kwenye vidole vyake, na ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia kwa mtu mzima.

"Mwanangu," alisema, "amepumzika."

 Kisha akanyoosha mkono anipe kamba.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Siku nne zilibaki nirudi kwa nesi. Nilijua kichwa changu kilivyo nikishika nyundo msibani. Lakini pia nilijua kwamba leo nikishika, wale sita hawatashika tena kamwe, kila kamba itarudi kizingitini kwangu mpaka yangu mwenyewe ipimwe na mtu asiyejua kupima.

"Mama, nitakuwa kaburini nawe. Jeneza watalitengeneza wao."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. "Wale wa banda la kuku?"

"Hao."

"Kwa hiyo mwanangu ndiye wa kujifunzia?"

Ningeweza kumdanganya kama nilivyomdanganya mara ya kwanza. Sikutaka.

"Ndiyo, mama. Wa kwanza ni lazima awe wa mtu."

Hakulia. Aliinuka, akaishika kamba yake, akavuka njia akampelekea yule askari mstaafu. Nilimwona afande anasimama wima, anaipokea kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akipokea bendera.

Nikaingia ndani, nikalala. Mke wangu alileta kigoda akakaa mlangoni, akaanza kuchambua maharagwe. Hakusema ananizuia, lakini ungetaka kutoka ungemruka yeye na ungo.

Nikaanza kusikia. Msumeno kwanza, huo ulikuwa wa mchinjaji, mrefu na mtulivu, nikaridhika. Kisha nyundo. Mtu akifundisha miaka mingi anamjua mpigaji kwa mlio. Muuza mkaa anapiga haraka, anapinda. Nikasikia msumari unapinda, unang'olewa, unapinda tena, na miguu yangu ikateremka yenyewe kitandani.

"Rudisha," alisema mke wangu, macho kwenye maharagwe.

Nikarudisha. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba nilipopakwa udongo na kusimama uwanjani kwa baba yangu mbele ya watu wote, kisu kikafanya kazi yake, nami nikatazama mlima Wanale mbele yangu bila kutikisa hata ukope. Nilidhani nimemaliza mtihani huo. Sasa, na mvi kichwani, nilitakiwa mara ya pili nisitikisike, safari hii nikiwa nimelala chali na kisu kiko mkononi mwa watu wengine. Cha kwanza kilikuwa rahisi.

Halafu nyundo zikanyamaza. Zikanyamaza muda mrefu. Nikasikia sauti zinabishana, kisha msumeno ukaanza upya.

"Wamepima nje," nilisema.

"Unajuaje?"

"Wanakata mbao nyingine. Wamepima nje, wakaweka kamba ndani, haikutosha."

"Basi wamegundua."

"Nilimwambia afande mara mbili."

"Wewe ulipokuwa unajifunza uliambiwa mara ngapi?"

Yule mzee wangu wa Jinja aliniambia mwezi mzima.

Maziko yalichelewa hata wachungaji wa kanisa wakaanza kutazama jua. Hakuna aliyekufa zaidi kwa kuchelewa huko. Nilivaa koti, nikaenda kusimama karibu na bibi kama nilivyoahidi. Jeneza likaletwa. Kifuniko kilikuwa na mwanya upande wa miguu, kidole kingepita. Misumari miwili ilikuwa imelazwa kama mtu aliyechoka. Nilifunga mdomo wangu, na asiyenijua hajui hiyo ni kazi gani. Bibi aliweka kiganja juu ya mbao, akakipitisha polepole mpaka kwenye kona, akasimama.

"Kona hii hamkuipiga msasa," alisema. "Itamkwaruza."

Watu waliinamisha vichwa. Yule askari mstaafu akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha msasa, akapiga magoti na suruali yake ya msibani, akaanza kulainisha ile kona palepale kando ya kaburi. Alisugua muda mrefu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyemharakisha. Bibi akapapasa tena, akaitikia kwa kichwa. Tukateremsha.

Siku nne zile zilizobaki sikufanya lolote la maana. Nilikaa uani nikatazama mvua ikishuka mlimani. Kamba nyingine ilikuja ndani ya siku hizo, ikapita kizingiti changu bila kusimama, ikaenda moja kwa moja kwa afande. Niliiona inapita. Naungama kitu fulani kiliniuma, maana mwanaume hupenda kuhitajika, lakini nilimaliza kahawa yangu.

Jinja, nesi alinifunga mkanda. Alipampu mara moja tu safari hii.

"Haijafika bondeni," alisema, "ila imeteremka. Uliacha kufundisha kama nilivyokuambia?"

"Hapana. Nilifundisha karibu kila siku."

"Na nyundo?"

"Nyundo niliacha."

Alinitazama, akatazama mashine yake, akafungua daftari akaandika. "Basi barua siandiki," alisema. "Lakini mwezi ujao uje, na huo ujeuri uache nyumbani."

Huo ndio sikuuacha. Nilitoka pale nikaenda shuleni. Madawati yalikuwa yamekaa nje ya karakana likizo nzima, mvua imeyanyeshea, mengine kuku wametagia. Mkuu alikuwa amesimama kati yake, na mtu wake mwenye cheti nyuma yake, mikono mgongoni.

"Fundi, shule inafunguliwa Jumatatu. Watoto watakaa wapi?"

"Chini, mkuu. Siku mbili tatu. Kila darasa litaleta yake hapa wakati wa somo langu, aliyevunja dawati atalitengeneza, nami nitasimama hapa nimwonyeshe. Mtu akishapigilia mguu wa dawati lake mwenyewe halikati tena kwa kisu."

"Hilo halimo kwenye mtaala," alisema yule mwenye cheti.

"Inawezekana," nilisema. "Mimi niliishia darasa la nne, sikuufikia."

Nikafungua kufuli ya karakana yangu, nikaingia kuwatandikia wanafunzi mbao za Jumatatu.